Swali la mafuriko lilivunja kipindi changu. Nilizime au nilifuate?

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni mwalimu wa Jiografia katika sekondari ya kata, huku bonde la Rufiji. Naomba jina langu na la shule yasitajwe.

Nilikuwa nafundisha kidato cha pili, vipindi viwili mfululizo, dakika 80, mada ya matumizi ya mito na mabwawa. Andalio la somo lilikuwa tayari na ramani nilishaichora kwenye karatasi ya manila. Nikaandika ubaoni faida za mabwawa: umeme, umwagiliaji, uvuvi, kuzuia mafuriko. Nilipofika hapo kwenye mafuriko, binti mmoja ambaye tangu aingie kidato cha kwanza sijamsikia akiuliza kitu alinyoosha mkono. Akauliza kwa Kiswahili: "Madam, kama bwawa linazuia mafuriko, mbona sisi tulifurikiwa na bwawa lipo?"

Wasomaji wako watakumbuka. Aprili 2024 maji yalifunika sehemu kubwa ya Rufiji na Kibiti, mashamba yakaenda, nyumba zikaenda, watu wakahama. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa maji Desemba 2022, na Februari 2024 mtambo wa kwanza ukaanza kutoa umeme. Serikali ilieleza kuwa chanzo cha mafuriko ni mvua nyingi za El Nino. Wapo wazazi hapa wanaosema walifunguliwa maji. Watoto wanayasikia yote mawili nyumbani.

Sikuwa na jibu. Na kabla sijafungua mdomo, darasa likawaka. Mmoja alisema mvua ya mwaka ule haikuwa ya kawaida. Mwingine akasema babu yake alihamishwa bondeni zamani kwa sababu ya mafuriko, na bwawa lilikuwa bado halijajengwa. Mwingine akasema maji yakija kwa kiasi ni neema, kwa sababu mahindi ya mlau hupandwa maji yakishashuka, na yasipopanda hakuna mlau. Wakabishana kama mafuriko ni ya kuogopwa au ya kuombewa. Mimi nikaweka chaki chini nikawaacha. Kengele ililia tukaendelea, mpaka mwalimu wa Hisabati akaja kusimama mlangoni.

Mshauri, sijawahi kuliona darasa langu vile. Watoto wanaojifanya wagonjwa nikiwataka wajibu kwa Kiingereza walikuwa wanapanga hoja, wanapingana, wanarudi kwenye alichosema mwenzao. Nilitoka pale nimefurahi kweli.

Kisha mwalimu wa taaluma akaniita. Alifungua azimio langu la kazi, akanionyesha nilivyobaki nyuma, akaniuliza kama mafuriko ya Rufiji yatatoka kwenye Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili. Akasema pia watoto walisikika wakizungumza Kiswahili katika somo linalofundishwa kwa Kiingereza. Siku chache baadaye mwenyekiti wa kitongoji, ambaye mwanawe yuko darasani kwangu, alimpigia simu mkuu wa shule kuuliza kwa nini tunafundisha siasa. Mkuu hakunigombeza. Aliniambia tu, "Madam, uwe makini." Sijui alikusudia nini.

Na liko linaloniuma zaidi. Katikati ya mjadala kijana mmoja alitoka nje bila kuomba ruhusa. Baadaye monita akaniambia kuwa familia ya kijana yule ilipoteza nyumba na shamba wakati ule na bado wanaishi kwa ndugu. Alirudi kesho yake akakaa kimya. Mpaka leo sijamwambia neno.

Tangu hapo nimerudi kwenye andalio. Naeleza, naandika, wananakili. Yule binti hajanyoosha mkono tena. Mwenzangu wa Baiolojia anasema huko ndiko kufundisha kwenyewe, niendelee. Wa taaluma anasema zile zilikuwa soga.

Je, mijadala ya namna hii niiache inapokuja, au niizime mapema kwa faida ya watoto wenyewe? Na nikiiacha, nitajuaje kama wanajifunza?

Mwalimu wa Jiografia, Rufiji

*

Marahaba, mwanangu. Nikikuelewa vizuri, huniulizi kama mjadala ni mzuri. Hilo unaliamini, na furaha uliyotoka nayo darasani siku ile nimeiona kwenye mwandiko wako. Unaniuliza kama unayo haki ya kuchukua muda wa watoto ambao mtihani wao unakaribia, ukautumia kwa jambo ambalo hukulipanga, hukuwa na jibu lake, na lililomgonga mmoja wao penye kidonda. Hayo ni maswali tofauti, nami nitaanza na kijana aliyetoka, maana mengine yanaweza kungoja.

Una hakika alitoka kwa uchungu? Monita amekupa sababu, lakini kijana mwenyewe hajasema. Inawezekana ni uchungu. Inawezekana pia ni hasira, kwamba alimsikia mwenzake akiita mafuriko neema na yeye analala kwa ndugu. Inawezekana alitaka kusema na hakupata nafasi. Kila moja ya hizo inataka neno tofauti kutoka kwako, na huwezi kulijua bila kumuuliza. Usimwite ofisini mbele ya walimu. Mpate wakati wa kukusanya madaftari, au mkiwa njiani, umwambie umesikia yaliyowapata na kwamba siku ile hukujua. Kisha muulize kitu kimoja tu: mada hii ikirudi darasani, angependa ujuzwe vipi kama imemzidi? Huenda akakuambia "sawa tu, Madam" na basi. Hata hivyo atakuwa ameshajua kwamba mwalimu wake aliona. Kama shule yenu ina mwalimu wa ushauri na unasihi, mshirikishe, ila kwa idhini ya kijana. Na uwe mwangalifu, ukimlinda waziwazi kupita kiasi, darasa zima litaanza kumtazama kama mtoto wa mafuriko, na pengine hicho ndicho alichokimbia.

Tena huko kwenu sidhani kama yuko peke yake. Darasa la Rufiji linapozungumza mafuriko, linazungumza nyumbani kwao. Ukiamua kurudi kwenye mada, yafaa wajue kabla ya kuanza kwamba hakuna atakayetakiwa kusimulia yaliyoipata familia yake, na anayetaka kutoka atoke bila kuulizwa.

Sasa mwalimu wa taaluma. Katika barua yako ni kama umeshamweka upande wa watu wasiopenda watoto wafikiri. Naomba umtazame tena. Yeye ndiye atakayeulizwa matokeo yakitoka. Anajua kwamba kidato cha pili asiyefikia kiwango hukariri darasa, na kwamba mtoto wa sekondari ya kata hana mlango mwingi zaidi ya cheti. Swali lake ni la haki. Ila jibu lake huenda likawa karibu na "ndiyo" kuliko mlivyodhani nyote wawili.

Chukua walichosema watoto, ukiweke kando ya mada zako. Aliyesema mvua haikuwa ya kawaida amegusa hali ya hewa na tabianchi. Na hapo pana utajiri ambao kitabu hakiwezi kuwapa watoto wa mahali pengine: maji ya Rufiji si ya mvua ya Rufiji peke yake. Kilombero na Luwegu zinakutana, Ruaha Mkuu unaingia, na mvua iliyonyesha milimani Njombe, Iringa na Morogoro inakuja kupita mbele ya nyumba zenu. Mtoto akiweza kueleza kwa nini mto unapanda wakati juu ya Utete hakuna wingu, amekwisha kuelewa bonde la mto ni nini, na hatalisahau. Mabwawa ya Mtera na Kidatu anayoyakariri kwa ajili ya mtihani yako huko huko juu, kwenye Ruaha Mkuu, maji yake yanashuka kwao. Yule wa babu yake huenda amegusa Operesheni Rufiji ya 1968, watu walipohamishwa bondeni wakapelekwa kwenye vijiji vya mwinuko. Hiyo ni Historia na ni makazi ya watu. Na yule wa mlau ameeleza kilimo kinachotegemea maji kujaa na kupwa, pamoja na sababu ya wazee kujenga madungu juu ya nguzo mashambani. Ningekuwa wewe ningeyaandika hayo kwenye karatasi moja, upande mmoja maneno ya watoto, upande wa pili mada za muhtasari, nikampelekea mwalimu wa taaluma kwa adabu. Anaweza bado kukataa. Anaweza kusema, "Basi yaingie kwenye andalio, nami niyaone." Hapo utakuwa umepata kitu, na umepoteza kitu pia, maana swali likishapangwa si lile tena lililozuka lenyewe.

Wala usidhani kwamba mfumo mzima uko kinyume chako. Mtaala wa sekondari tangu 2005 umejengwa juu ya umahiri, na unamtaka mwanafunzi ashiriki. Kabla ya hapo, mwaka 1967, Mwalimu Nyerere katika Elimu ya Kujitegemea alitaka shule imjengee kijana akili ya kudadisi, ajifunze kwa wengine na aweze kukikataa au kukirekebisha alichojifunza kwao kulingana na haja yake. Mdhibiti ubora akiingia darasani kwako akakuta mjadala, si lazima akuandike vibaya. Atataka kuona unakwenda wapi.

Hapo ndipo swali lako la mwisho linaponisumbua hata mimi: utajuaje kama wanajifunza? Unasema darasa liliwaka. Je, lilikuwa darasa zima? Hebu kaa ukumbuke waliozungumza. Mara nyingi mjadala mkali huendeshwa na wachache wenye sauti, waliobaki wanafurahia ubishi. Umenisimulia hoja nzuri, ila huenda kuna watoto waliotoka pale na kelele tu. Mtafiti mmoja wa Marekani, Mary Budd Rowe, alipima madarasani muda ambao mwalimu hungoja baada ya kuuliza swali, akakuta ni kama sekunde moja. Walimu walipozoea kungoja sekunde 3 au zaidi, majibu yakawa marefu na watoto waliokuwa kimya wakaanza kusema. Kwa hiyo hata mjadala usioupanga unamhitaji mwalimu ndani yake. Kuweka chaki chini kulikuwa na uzuri wake, lakini yupo anayehitaji umwambie mwenye sauti, "Subiri kidogo," ili yeye apumue na aanze.

Na walitoka na nini mkononi? Kengele ilipolia hapakuwa na kilichoandikwa. Mnaweza kujaribu kubakiza dakika 10 za mwisho, kila mmoja aandike alichokuwa anaamini mwanzo, alichosikia kikamtikisa, na anachohitaji kukijua ili awe na hakika. Ukisoma madaftari hayo jioni utajua zilikuwa soga au la, na utakuwa na kitu cha kumwonyesha mwalimu wa taaluma zaidi ya maneno yako. Hapo pia pana njia kuhusu lugha. Wafikiri na kubishana kwa Kiswahili, kisha waandike sentensi chache kwa Kiingereza, kwa sababu mtihani wataujibu kwa Kiingereza. Kazi hii inakula muda, sitakudanganya. Na wale dhaifu zaidi wataandika kidogo mno kuliko walivyosema, uone kama wamerudi nyuma. Utahitaji subira nao.

Umesema hukuwa na jibu, na nahisi hilo limekuaibisha kidogo. Ngoja nikukumbushe kijana wa Kitanzania. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, wa kidato cha tatu pale Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Nafasi kwenye friza ilikuwa inagombaniwa, akaweka maziwa yake yakiwa bado ya moto, nayo yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipomuuliza mwalimu, aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, akaja mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, mwanafizikia Denis Osborne. Mpemba akamuuliza swali lile lile mbele ya wote, na wenzake wakamcheka. Osborne hakuwa na jibu. Alikwenda kulipima maabara, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Wanafizikia wanabishana juu yake hadi leo, na jambo lenyewe linaitwa kwa jina la Mpemba dunia nzima.

Nimekitaja kisa hiki kwa sababu swali lile halikujibiwa ndani ya kipindi. Halikula dakika 80 za mtu. Mtu mzima alilipokea, akalichukua, akaenda kulifanyia kazi. Kwa hiyo kati ya kuliacha darasa liwake mpaka mwalimu wa Hisabati asimame mlangoni na kulizima kabisa, ziko njia nyingine. Unaweza kulipa swali dakika chache, kulisikiliza vizuri, kuliandika mahali linapoonekana, na kuahidi siku. Hatari yake unaijua: ahadi za namna hiyo hazitimizwi, na watoto huzikumbuka kuliko sisi.

Kuhusu siasa, mimi naona swali la binti lina mambo mawili ndani yake. Moja ni la jinsi mambo yanavyofanya kazi. Bwawa hupunguza mafuriko likiwa na nafasi ya kupokea maji. Likiwa limejaa na maji yanazidi kuingia, lazima yatolewe ili kuta zisiharibike. Kwa hiyo mto wenye bwawa unaweza kupunguziwa mafuriko mwaka huu na bado ukafurika mwaka mwingine. Hiyo ni Jiografia, haimshitaki mtu, na inasahihisha ile orodha ya faida za mabwawa inayosomeka kana kwamba bwawa likishajengwa mafuriko yamekwisha. Jambo la pili ni nani alipaswa kuonya, nani alipwe, nani awajibike. Ni swali halali la wananchi, na watoto wenu wana haki ya kulibeba. Lakini wewe ni mtumishi wa umma, mbele yako wameketi mtoto wa mwenyekiti na mtoto aliyepoteza nyumba, na wewe si hakimu. Unaweza kuwaambia wazi kwamba watu wanatofautiana, serikali ilieleza hivi, wanakijiji wengine wanasema vile, na darasani mtashughulika na kile mnachoweza kukitafutia ushahidi: alama za maji kwenye kuta, miaka ya mafuriko wanayoikumbuka wazee, ramani ya mito inayowafikia.

Wapo watakaokushauri uwaite wageni. Bodi ya Maji Bonde la Rufiji ipo, na wazee wa mlau wapo jirani nawe. Ni wazo zuri likipitia kwa mkuu wa shule. Ila mgeni mwenye cheo anaweza kuja na hotuba, watoto wakanyamaza, na mzee akaona aibu kumpinga. Ikiwa hivyo, heri watoto wamfuate mzee kwake, wawili watatu, na maswali waliyoyaandika wenyewe. Na huyo mwenyekiti wa kitongoji, umewahi kufikiri kwamba huenda naye ana mafuriko yake ya kusimulia? Sijui hali ya uhusiano wenu. Wewe ndiye unayejua kama mlango huo unagongeka au ni wa kupita mbali.

Unaweza pia kuamua kuyaacha yote haya mpaka mtihani upite. Sitakuona mwoga. Mwalimu mwenye mada nyingi za kumaliza na darasa lililojaa ana sababu zake, na kuwavusha watoto salama ni upendo pia. Ila baada ya Novemba wataondoka kwako kwenda kidato cha tatu. Liweke hilo pia kwenye mizani.

Yule binti, hata hivyo, sidhani kama anahitaji kungoja uamuzi wako. Ameona swali lake limeleta makelele, mwalimu ameitwa, na masomo yamerudi kuwa ya kunakili. Watoto hujumlisha hesabu kama hizo kimyakimya, na mara nyingi wanapata jibu lisilo sahihi. Mwambie swali lilikuwa zuri na bado unalitafutia jibu.

Na mkuu wa shule, mwanangu, muulize. "Uwe makini" inaweza kuwa onyo, na inaweza kuwa kauli ya mtu anayekukinga na simu nyingine ambazo hujazisikia. Nenda na ile karatasi yenye pande mbili, umwombe akueleze makini kwake ni nini hasa: ni mada, ni lugha, ni muda, au ni wazazi. Akishakujibu utajua unazungumza na nani kuhusu lipi. Niandikie tena ukishaonana naye, na unieleze pia mwalimu wa taaluma amesema nini.